Naongea na Friji Segerea?

Ijumaa iliyopita nilikuwa msibani Kinyerezi, nimekaa chini ya turubai na sahani ya pilau magotini, simu ikaita. Namba ngeni. Siku za kawaida namba ngeni siipokei, ila msibani unapokea tu, maana anaweza kuwa shangazi kashuka Mbezi Magufuli na hajui apande gari gani. Nikapokea. Sauti ya dada, imerekodiwa, laini kama tangazo la maziwa: "Ndugu mdhamini, mteja wako amechelewesha marejesho. Mkumbushe kulipa leo kabla hatua hazijachukuliwa." Ikakata. Sijameza hata tonge, ikaita tena. Safari hii mtu mzima na akili zake.

"Habari, naongea na Friji Segerea?"

Sasa, mimi nimezaliwa, nimebatizwa, nina kitambulisho cha NIDA, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema naitwa Friji. Duniani kuna mtu mmoja tu anayenijua kwa jina hilo: fundi aliyekuja kujaza gesi kwenye friji letu mwaka juzi, akanisevu juu juu aondoke zake. Simlaumu. Yeye kwangu ni "Fundi Friji Mrefu" mpaka leo.

Kwa hiyo nilielewa hapo hapo kilichotokea. Sijaandikwa kwenye fomu yoyote. Hakuna aliyenitaja. Mtu kapakua programu ya mkopo, ikaomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, akabonyeza "kubali" kwa sababu mtoto ana homa na hela inatakiwa sasa hivi, na majina mia nne yakaenda. Mama mkwe, mchungaji, mangi wa dukani, Friji Segerea. Wote tumekuwa wadhamini.

Nilimpigia fundi jioni. Alikopa 50,000, zikaingia 35,000, baada ya siku saba arudishe 55,000. Siku ya saba hakuwa nazo, akakopa kwenye programu ya pili alipe ya kwanza. Mnajua wimbo huu unavyoishia. Kesho yake tukaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, watu sitini na kitu, picha yake ikiwa na maandishi mekundu, "MWIZI HUYU". Sitini! Tukawa tunatazamana tu humo ndani kama abiria wa basi lililoharibika Chalinze. Mama mmoja akatuma tangazo la vitenge. Mwingine akauliza kama huyo mwizi bado anatengeneza majokofu, lake linavuja. Nilicheka, nikiri. Halafu nikamwona mtu aliyeandika "Jamani huyu ni baba wa wanangu" kisha akatoka kwenye kundi, na kicheko kikaniishia.

Tanzania hii deni si jambo geni. Tumekulia madeni. Mangi ana daftari lake, jina lako limo, na juu ya kaunta kabandika "Leo keshi kesho mkopo", lakini anakukopesha. Kijumbe wa mchezo akikudai atakuja alfajiri, atagonga taratibu, atakuulizia kwanza hali ya watoto. Hata wale akina mama wa vikoba, ambao wakiamua kuchukua kochi wanachukua kochi kweli, wanaanza na wewe, aliyekopa, na yule aliyekuja mwenyewe akaweka saini ya kukudhamini. Sijawahi kumwona mangi akiita kikao cha mtaa amsomee mama mkwe wako daftari. Anajua siku hiyo ukiaibika hutapita tena mbele ya duka lake, na hela yake ndiyo imekwenda.

Hawa wa kwenye simu hawana duka utakalopita. Dhamana wanayoshika ni aibu yako, na ili aibu ifanye kazi wanahitaji watazamaji, na watazamaji ni sisi tuliomo kwenye simu yako.

Najua mtakachosema: mbona hamkusoma masharti? Haya, fundi hakusoma. Lakini mimi? Mimi sikupewa masharti ya kusoma! Namba yangu ilichukuliwa kutoka kwenye mfuko wa mtu mwingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Malalamiko mengi ninayoyasikia ni ya aliyekopa. Ninachosema ni kwamba katika kila deni moja la namna hii kuna watu mamia waliochukuliwa taarifa zao bila kukopa hata senti, na hao ndio wanaopaswa kujaza meza ya Tume. Wenzetu Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data aliipiga kampuni yenye programu mbili za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za kwao kwa mambo haya haya, kutumia majina na namba za watu wengine na kuwatumia meseji za vitisho. Si hela ya kumfilisi mtu. Lakini kampuni ilitajwa hadharani, na wao pia waionje aibu.

Sawa, nikubali jambo moja kwa shingo upande. Benki gani ingempa fundi friji elfu hamsini Jumapili saa nne usiku? Hakuna. Pengo lipo, na si kila mkopeshaji wa mtandaoni ni jambazi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo kabla hujabonyeza, angalia kwanza kama anayekukopesha ana leseni. Na ukitumiwa kiungo cha kupakua pembeni, nje ya duka la Google, jiulize kwa nini. Google yenyewe ilishazikataza programu za mikopo kugusa majina na picha za mteja tangu Mei 2023.

Kinachoniuma zaidi ni mama yangu. Yuko Korogwe, simu yake ni ya vitufe, hajakopa popote. Mwezi wa nne alipigiwa akaambiwa mwanawe anadaiwa 80,000, atangazwe redioni au alipe kidogo jina litolewe. Akatuma 20,000. Ulikuwa utapeli mtupu, deni hewa. Nilipomuuliza mbona hukunipigia kwanza, alinyamaza, kisha akasema, "Niliona aibu, mwanangu. Nikasema bora niifunike kabla hujasikia." Alitaka kunisitiri. Hela ya mahindi, alitoa kunisitiri mimi na deni ambalo halipo.

Sikumgombeza. Tulikaa nikamwonyesha namna ya kutuma meseji ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, na kuangalia kwa *106# namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akaniuliza, na yule kijana aliyepiga, mama yake yupo? Sikuwa na jibu.

Fundi amelipa moja, ya pili bado. Amenipigia kuomba radhi mara tatu, kila mara nikimwambia yaishe, kaka.

Jumanne wamepiga tena. "Naongea na Friji Segerea?" Nikamwambia Friji amefariki jana usiku, mazishi kesho saa nane, na kwa kuwa walikuwa wanamfahamu vizuri kiasi hiki, rambirambi watume kwenye namba hii hii.

Akakata.