Kabla hujauliza rangi ya kitasa

Jirani yetu mmoja anamalizia nyumba, na wiki iliyopita alituma picha mbili kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Vitasa viwili vimelazwa kwenye kaunta ya duka huko Kariakoo, kimoja cha dhahabu, kingine cheusi. "Majirani nisaidieni, dhahabu au nyeusi?" Hadi jioni kundi lilikuwa limegawanyika. Wa dhahabu wanasema inaendana na mninga, wa nyeusi wanasema dhahabu imeshapitwa na wakati, mwingine akaleta na picha za nyumba ya shemeji yake Mbweni. Hakuna aliyeuliza ndani ya hicho kitasa kuna nini. Hakuna aliyeuliza kinafunguliwaje saa nane za usiku, gizani, na mtu aliyeshtuka usingizini. Mimi sikuandika kitu kwenye kundi, kwa sababu niliyokuwa nayo moyoni hayatoshi kwenye ujumbe wa simu, na kwa sababu kwenye mtaa huu huu, kiangazi kilichopita, tulisimama nje ya nyumba ya watu tukiwasikia walio ndani wakipiga grili kwa mikono.

Nitafika huko. Kwanza niseme kwamba sina ugomvi na uzuri. Mtu aliyejinyima miaka yote ya ujenzi ana haki ya kufurahia mlango wake, na sisi watu wa pwani tumelijua hilo zamani. Nenda Mji Mkongwe au Lamu, simama mbele ya mlango wa nakshi, uutazame kwa jicho la seremala. Ule mfaa wa katikati umechongwa maua toka juu hadi chini, lakini kazi yake ni kufunika upenyo kati ya mbawa mbili za mlango ili mtu asipate pa kupenyeza chuma. Mnyororo na kufuli ni vya nje, wenyewe wakiwa wametoka. Wenyewe wakiwa ndani wanapitisha pingo nyuma ya mlango, na wakitaka kutoka wanaliondoa kwa mkono. Urembo na ulinzi vilikuwa kazi moja ya fundi mmoja, na usiku hakuna aliyelazimika kukumbuka ufunguo ameuweka wapi.

Vitasa vingi vya dhahabu vinavyopangwa kwenye kaunta leo ni zinki iliyopakwa rangi. Ukikishika utakisikia: chepesi, na ukigeuza bamba lake upande wa nyuma unakuta uwazi mtupu na kingo za kukwaruza. Ukiishi Kigamboni, Kunduchi au popote upepo wa bahari unapofika, rangi hiyo haichukui muda kuanza kutoka vipele. Kama una uwezo, chukua shaba halisi au stenlesi, na kwa walio karibu kabisa na bahari uliza ya daraja la 316, ambayo ina madini ya molibdenamu na inastahimili chumvi kuliko ile ya kawaida ya 304. Na chukua kishikio cha kushusha, si lile tufe la kuzungusha. Bibi mwenye maumivu ya vidole hawezi kuzungusha tufe. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anasukuma kishikio kwa kiwiko na mlango unafunguka. Ukibadilisha kitasa cha zamani, pima kwanza kutoka katikati ya kishikio hadi katikati ya tundu la ufunguo. Kuna vya milimita 72, kuna vya 85, na bamba la kimoja halikai kwenye matundu ya kingine. Kwa upande wa sura sina la kuongeza. Rangi chagua unayoipenda.

Kuhusu mwizi nitasema machache, ingawa ndiye anayetawala mazungumzo yote ya vitasa. Rafiki yangu wa Tabata aliibiwa mwaka juzi. Nilipofika asubuhi kitasa kilikuwa kizima kabisa, ulimi wake umetoka nje kama kawaida. Kilichong'oka ni kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi. Kilikuwa sakafuni na skrubu zake mbili, nikaziokota. Urefu wake haukufika pingili moja ya kidole changu, na mikato yake ilikuwa bado imeshika unga wa mbao. Kitasa cha bei kubwa kilikuwa kimeshikiliwa na vitu hivyo viwili. Mwambie fundi aweke skrubu za inchi 3 au zaidi, zipite fremu na kuingia ukutani, na usimame hapo hapo anapozifunga. Kitasa cha leva mbili, yaani vibao vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo, ni cha vyumba vya ndani, mlango wa nje unataka cha leva tano. Kama ni cha silinda, kile kipande cha kuingiza ufunguo kinachobadilishwa peke yake, isichomoze nje ya bamba zaidi ya milimita 3, kwa sababu ikichomoza mwizi anaishika kwa koleo na kuivunja katikati, pale skrubu yake inapopita. Na siku ya kuhamia badilisha silinda, maana funguo zile zimelala kwa mafundi miezi mingapi, na vibanda vya kuchonga funguo viko kila kona.

Sasa lile la kiangazi.

Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi usiku wa manane, na moto ukaanzia kwenye ekstensheni nyuma ya friji. Nyumba ile ina mlango mzuri wa mkongo na kitasa ambacho kila mgeni alikisifia. Kwa nje yake kuna mlango wa grili, na grili ile usiku hufungwa kwa kufuli, kwa ndani. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye pochi ya mama mwenye nyumba. Pochi ilikuwa chumbani. Mama alikuwa tayari kwenye korido na watoto, na chumba alichotoka kilikuwa kimejaa moshi. Mlango wa mbao waliufungua. Kwa hiyo tuliwaona. Tulikuwa hatua mbili kutoka kwao, tukiwamulika kwa simu, na hatukuweza kufanya lolote. Kijana mmoja alikimbilia grenda kwa fundi wa kuchomelea, akarudi nayo, ndipo tukakumbuka umeme wa nyumba umezimwa. Walitolewa kwa mtaimbo na nyundo, kupitia dirisha la jikoni ambalo grili yake haikuchimbiwa vizuri ukutani. Kazi mbovu ya fundi ndiyo iliyowaokoa. Walitoka wote, Mungu ni mkubwa, mtoto mdogo akalazwa kwa ajili ya moshi.

Baada ya ukarabati nilipita pale. Grili mpya, nene zaidi. Kufuli jipya, kubwa zaidi. Ufunguo, kwenye pochi.

Siwalaumu peke yao, kwa sababu nyumba zetu karibu zote ziko hivyo, na sababu inaeleweka. Tumelelewa kumwogopa mwizi. Tena vitasa vyenyewe vinatusukuma huko: silinda nyingi za kawaida, ukiacha ufunguo upande wa ndani, wa nje hauingii hadi mwisho. Baba akirudi usiku anabaki nje. Basi ufunguo unachomolewa kila siku, unawekwa juu ya friji, chini ya mto, kwenye pochi, kwenye suruali iliyotundikwa. Kila mtu ndani ya nyumba anajua ulipokuwa jana.

Lakini moshi haukupi nafasi ya kutafuta. Godoro la sponji likishika moto linatoa hewa yenye sumu, na mtu anaweza kupoteza fahamu kabla mwali haujamfikia. Taa zimezimika, macho yanawasha, watoto wanalia, na wewe unatafuta kitu chenye urefu wa kidole ndani ya chumba ambacho hukioni. Afrika Mashariki tumeshazika watoto wetu kwa jambo hili. Shule ya sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001: wanafunzi 67 walikufa bwenini, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Moto ule uliwashwa na watu, lakini mlango uliofungwa hauulizi moto umetoka wapi. Tulilia, tukaandika kuhusu mabweni, kisha tukarudi nyumbani tukafunga kufuli.

Uingereza wana kiwango kinachoitwa BS 3621, cha vitasa vinavyofungwa kwa ufunguo ndani na nje. Wanacho kingine, BS 8621, ambacho ni ulinzi ule ule kwa upande wa nje, ila aliye ndani anatoka bila ufunguo. Waliona kwamba kumzuia anayeingia na kumruhusu anayetoka ni mambo mawili yanayoweza kukaa kwenye kitasa kimoja. Na vitu hivyo Kariakoo vipo. Omba silinda yenye ufunguo kwa nje na kitufe kidogo cha kuzungusha kwa ndani, mahali pa tundu la ufunguo. Muuzaji atakwambia, "Dada, hizo ni za ofisini." Mwambie akuletee.

Kwenye grili pia usikubali kufuli kwa ndani. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kiboksi cha chuma kwenye grili na kuingiza kitasa cha namna hiyo hiyo, au akakuwekea komeo zito lenye kinga ya bati upande wa nje ili mkono usilifikie. Na katika madirisha ya vyumba vya kulala, angalau grili moja iwe na bawaba na ifunguke kwa ndani. Kisha uzime taa usiku mmoja, umwambie mtoto wako wa darasa la pili atoke hadi nje peke yake. Akishindwa, nyumba hiyo haijaisha, hata kama imeshapakwa rangi na kuwekewa vigae.

Wapo wanaosema mwizi atavunja kioo cha mlango, aingize mkono, azungushe kitufe, awe ameingia. Ni kweli anaweza, na nimetafuta namna ya kuikataa hoja hiyo nikaikosa. Mlango wenye kioo karibu na kitasa, au dirisha ambalo mkono unafika, si mahali pa kitufe hadi uweke wavu mzito au bati la kuzuia mkono. Kama hilo haliwezekani na umebaki na silinda inayotaka ufunguo ndani na nje, basi piga msumari ukutani, mahali mkono wa mtu wa nje haufiki na mtoto wako anafika, ufunguo ulale pale kila usiku, na asiwepo wa kuuhamisha, hata baba mwenye nyumba. Ni suluhisho dogo na silipendi, lakini linaizidi pochi.

Wapangaji hamna hata nafasi ya kuchagua, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Kuna nyumba za vyumba sita, nane, familia kila chumba, majiko ya gesi koridoni, na geti la uani moja tu. Saa nne usiku mwenye nyumba analifunga kwa kufuli na kwenda kulala na ufunguo, wakati mwingine nyumba nyingine kabisa, kwa sababu hataki wapangaji wachelewe kurudi. Simu ya Zimamoto ni 114, lakini gari lao likifika litakuta geti hilo hilo. Mwenye nyumba, mpe kila mpangaji anayekulipa kodi ufunguo wake wa geti, au weka komeo linalofunguka kwa ndani, na ufanye hivyo kabla ya kupandisha kodi ya Januari.