Breki kwanza, rangi baadaye

Dar es Salaam imejaa magari yaliyolala. Pita Magomeni, Upanga au Kurasini, chungulia nyuma ya mageti, utayaona: Datsun 120Y iliyofunikwa turubai, Peugeot 504 iliyokalia matofali, Land Rover 109 ambayo kuku wameshaifanya banda lao. Mengi yana mwenyewe anayeyapenda bado, na kuna mtoto au mpwa aliyeapa kwamba mwaka huu lazima la kwao lirudi barabarani. Nafurahi kila nikisikia habari hizo. Kinachonikera ni mahali watu wanapoanzia. Karibu kila anayenieleza mpango wake ananianzia na rangi, kisha rimu, kisha redio ya skrini. Breki hazitajwi kabisa.

Mimi nasema waziwazi: huo ni utaratibu wa hatari, na ndio unaofanya magari mengi yaishie njiani, pesa imekwisha, gari linang'aa na haliwezi kufika hata Ubungo. Gari lililolala miaka mingi linatakiwa kwanza liweze kusimama. Likishasimama liweze kwenda, likishakwenda liwe na taa na nyaya salama. Rangi ije mwisho kabisa.

Nazungumza nikiwa na Corolla KE70 ya mwaka 1982, ya marehemu mjomba, iliyokaa miaka chini ya mwembe kule Kinondoni. Anayeijua KE70 anajua kwa nini nimeing'ang'ania. Ni Corolla ya kizazi cha nne, inasukuma kwa matairi ya nyuma, na iliyoifuata mwaka 1983 karibu yote ilihamia kuvuta kwa matairi ya mbele. Injini yake ni 4K, sentimita za ujazo 1,290, kabureta, cheni badala ya mkanda wa taiming, kompyuta hamna. Ukifungua boneti unaiona injini yote, na chini yake unaiona ardhi. Kila nati inafikika kwa mkono.

Mwembe huo ndio tuliodhani umelitunza. Kumbe kivuli cha mti ni adui mkubwa wa gari lisilotembea. Majani makavu yanajaa chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya kutolea maji, na yakishaziba, maji ya mvua yanatafuta njia ya kuingia ndani. Masika yanakuja, vuli inakuja, kapeti haikauki. Ongeza hewa ya bahari, ambayo katika mji huu inafika kila uani. Tulipoinua kapeti upande wa dereva, bisibisi ilipenya sakafu bila kusukumwa. Kwa juu mlango ulionekana mzima, lakini ukipapasa ukingo wake wa chini unga wa kutu unakubakia vidoleni. Hapo ndipo ninapowaomba wenzangu wawe makini na fundi rangi mwenye haraka. Atajaza puti, atapiga msasa, atapulizia, na siku ya kulichukua utapiga picha nzuri sana. Masika ya kwanza yakipita, rangi inaanza kuvimba. Bati lililooza linakatwa na kuchomelewa bati jipya, basi. Hakuna njia ya mkato, na kazi hiyo ifanyike gari likiwa bado na sura yake mbaya.

Fundi wangu ana gereji Ilala, si mbali na Shauri Moyo kwenye spea za mtumba. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, amekulia kwenye injini za Toyota za ukoo wa K, ambao 4K ni mmojawapo. Siku gari lilipofika kwa kuvutwa, mimi na vijana wake tulikuwa na hamu moja tu, tusikie sauti.

"Mzee, tusingeliwasha kwanza tuone?"

"Likiwaka halafu lisisimame, utalipeleka wapi mwanangu?"

Akapiga jeki nyuma, akatoa tairi, akaanza kugonga drum taratibu kwa nyundo ya mpira, akizunguka nayo. Ilikuwa imegandana na breki shuu. Ilipotoka, bitana ya shuu moja ilibaki ndani ya drum, imebanduka kwenye chuma chake. Silinda ya breki ya gurudumu haikucheza hata kidogo. Alipovua kile kijiraba cha pembeni, ndani palikuwa na uji mweusi wenye chembe za kutu. Yule mzee hakusema neno, alinishikisha tu mkononi niione. Nikawaza kwamba gari lile lingewaka siku ile tungelizungusha mtaani kwa furaha, watoto wakilikimbilia nyuma.

Ile ni kazi ya maji. Fluidi ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na Dar unyevu haujawahi kukosekana. Fluidi ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango chake kinakubalika kushuka hadi 140. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka hadi 155. Fluidi ikichemka inatoa mvuke, mvuke unaminywa kama sponji, na pedali inazama hadi sakafuni wakati uko mteremkoni nyuma ya daladala. Huku nyuma maji hayohayo yanakula silinda na mabomba kwa ndani. Kwa hiyo kwenye gari lililolala sikubaliani na fundi anayesema "tutaongeza fluidi na kutoa upepo, itashika." Badilisha masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali, au uweke raba mpya ndani yake, silinda za magurudumu, hosi zote za raba, mwaga fluidi yote ya zamani. Hosi zisikudanganye kwa kuonekana nzima. Zikunje, nyufa zitajitokeza.

Matairi nayo ni hivyohivyo. Watu wanatazama meno, wanaona marefu, wanaridhika. Tazama ubavuni, karibu na herufi za DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2311 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011. Raba inazeeka hata isipotembea, na jua letu haliisaidii. Tairi la namna hiyo ni la kusogezea gari ndani ya gereji tu.

Injini ilikuja baadaye, na hapo ndipo nilipojifunza heshima. Hatukugusa swichi. Plagi zilitolewa, oili kidogo ikamiminwa kwenye kila silinda, ikaachwa ilale humo ili ringi za pistoni zilainike. Oili ya zamani ikamwagwa, filta ikabadilishwa. Kisha mzee akaweka spana kwenye nati ya puli ya krenki akaivuta kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma, akisikiliza. Ukiiforsi kwa stata wakati ringi zimeshika kutu, unaweza kuvunja kitu ambacho kingeokolewa kwa subira ya siku mbili tatu.

Petroli ya zamani ni sumu nyingine. Ikikaa inapoteza nguvu na kuacha utando unaonata, na utando huo unaziba vijitundu vya kabureta ambavyo ni vidogo kuliko ncha ya sindano. Tangi lishushwe, lisafishwe, mabomba yapulizwe, kabureta ifunguliwe yote. Na nawaomba sana wanaopeleka tangi kwa mtu wa kuchomelea: tangi lililotolewa petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa unalipuka. Lisafishwe kwanza hadi mvuke uishe, na apewe anayeijua kazi hiyo.

Likaja suala la kuiboresha, na hapo ndipo mabishano yalipo. Vijana wengi watakwambia ng'oa hiyo 4K, tupa, weka injini ya EFI, inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta, kutoka kwenye gari la ajali. Mimi sikubali. Injini nyingi za magari madogo tunayoendesha sasa, kama IST, zimelala kimkingamo na zinavuta matairi ya mbele; kuigeuza ikae kwenye gari la kusukuma nyuma ni kutafuta giaboksi nyingine, kutengeneza mounting mpya, kuchezea shafti, na kuunganisha nyaya za kompyuta ambazo fundi atakayefuata hatazielewa. Kisha namba ya injini kwenye kadi haitafanana na iliyopo kwenye gari, mpaka uipeleke TRA ibadilishwe. Anayetaka nguvu zaidi aweke 5K, ya ujazo wa 1,486, ndugu wa damu wa 4K, inakaa palepale. Spea za ukoo huo wa K bado zinapatikana, kwa sababu injini hizo ziliingia pia kwenye Liteace na kwenye foklifti.

Kuboresha ninakokubali ni kule kunakolifanya gari liwe salama bila kulipotezea nasaba. Taa za mbele nimeweka za H4 zenye rilei, ili umeme mwingi usipite tena kwenye swichi ya zamani na kuichoma. Nyaya zilizoguguniwa na panya hazikuungwa kwa utepe wa plastiki. Zilivutwa mpya, kila moja na fyuzi yake. Mikanda ya viti mipya. Platini, kile kifaa kinachokatakata umeme wa plagi, nimeiondoa nikaweka mfumo wa elektroniki ndani ya distributa ileile, ingawa mzee alinung'unika, maana yeye anapanga nafasi ya platini kwa milimita 0.45 na mkono hautetemeki. Na feni ya umeme, kwa sababu ya foleni. Feni ya mkanda inazunguka kwa kasi ya injini, na Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni injini iko sailensa tu, inazunguka polepole gari likiwa limesimama, huku jua la magharibi linapiga boneti.

Kuhusu joto nina ugomvi wa muda mrefu na gereji za mji huu. Gari likichemsha, jibu la kwanza ni kuing'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto, na kuitupa. Injini isiyo na themostati inachelewa kufika joto lake la kazi, inakula mafuta, na inachakaa. Mara nyingi tatizo ni rejeta iliyoziba, na iliziba kwa sababu miaka yote ilikuwa inajazwa maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi unayoionja ulimini. Hedi ya 4K ni ya alumini, na maji hayo yanaitafuna kidogokidogo hadi gasketi ikose mahali pa kukaa. Weka kulanti, au angalau maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi) yenye dawa ya kuzuia kutu.

Wapo wanaoniambia kwa pesa hiyo ningenunua IST namba D nikapumzika. Ni kweli, na mtu anayetaka gari la kumtoa Mbagala hadi Posta kila asubuhi namshauri afanye hivyo. Lakini gari la mjomba halina badala. Lilitupeleka shule, lilibeba jeneza la bibi hadi Bagamoyo. Zaidi ya hapo, kuna ujuzi unaondoka. Yule mzee anapanga nafasi za valvu injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea, anapitisha fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi, huku anaongea na simu, kisha anageuza skrubu ya kabureta robo mzunguko na injini inatulia. Vijana wake ni hodari kwa mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, ila 4K haina pa kuichomeka. Kwa hiyo nilimwomba jambo moja zaidi ya bei: kila hatua kijana mmoja awe pembeni yake, na mikono ya kijana ndiyo ifanye mara ya pili. Alikubali. Kijana yule sasa anaifungua kabureta na kuifunga peke yake.

Anayerithi gari atazame na kadi ya gari mapema. Likiwa bado kwa jina la marehemu, msimamizi wa mirathi ndiye wa kulihamisha, na shughuli hiyo ianze hata kabla ya kununua plagi. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, lakini bima lazima, hata kama ni ile ndogo.

Kwa sasa gari linatembea na breki zake zinashika sawasawa pande zote. Bado lina mabaka ya primaa ya kijivu, na raba ya kioo cha mbele sijaipata; niliyoletewa Kariakoo ilikuwa fupi kwenye kona. Mwenye kujua inapopatikana anijulishe, maana bila raba hiyo sipulizi rangi yoyote.