Mama Anauza Duke kwa Kilo

Fomu ya Common App, ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, ina insha moja kubwa inayokwenda vyuo vyote unavyoomba, maneno 250 hadi 650. Hiyo haikunitesa. Kilichoniponza ni zile insha ndogo za "kwa nini umechagua chuo chetu?", maana kila chuo kinachoiuliza kina yake. Mimi nilikuwa na vyuo viwili, bando la saa moja, na fomu inafungwa saa 5:59 usiku.

Cha kwanza Rice, kule Houston, Texas. Kwa Kiingereza jina hilo ni mchele. Sasa mtoto wa muuza mchele wa soko la Kongowea, Mombasa, aiache bahati kama hiyo? Nikaandika kwamba nimelelewa na mchele, nimesomeshwa na mchele, acha nimalizie Rice. Maneno 150, ndiyo mwisho wao. Huomba na picha moja ya kukueleza. Nikaweka gunia la Pishori.

Zamu ya Duke, maneno hadi 250. Nikanakili ile ya Rice, nikaongeza habari za mama, nikabonyeza Ctrl na H: tafuta "Rice", weka "Duke", badilisha zote. Kompyuta ikajibu: imebadilisha mahali 19. Chuo nilikitaja mara nne tu, lakini usiku ule nani alikuwa na hesabu?

Kwenye kidirisha kile kuna visanduku viwili vya kutia tiki. Kimoja kinalinganisha herufi kubwa na ndogo; kingeuokoa mchele wa mama, isipokuwa ule uliofungua sentensi. Cha pili kinatafuta neno zima tu, na hicho kingeokoa "price", bei ya Kizungu, iliyobeba mchele tumboni. Sikutia tiki hata kimoja. Ikawa "pDuke".

Kabla ya kutuma, Common App hukuwekea PDF uisome. Niliiteremsha hadi chini kama mtu anayekubali masharti ya mkopo wa simu. Nikatuma. Vikaratasi vya rangi vikamwagika kwenye skrini, hongera!

Asubuhi dada akaisoma kwa sauti, akimtafsiria mama:

"Mama yangu humnunua Duke kwa gunia. Akimnusa tu, anajua kama ni wa msimu uliopita. Humpepeta, akamtoa mawe. Ijumaa humpika kwa tui la nazi. pDuke ya Duke ikipanda, nyumbani hatulali."

Na duke ni mwinyi wa Kizungu, mtu wa heshima zake! Juu ya hayo Houston nimeisahau palepale, kwa hiyo nimekihamishia Texas chuo kilichoko Durham, North Carolina.

Ukishatuma, fomu haigusiki tena. Kilichobaki ni kuiandikia ofisi ya udahili na kuambatisha insha iliyosahihishwa. Nikaandika mistari mitatu, jasho likinitoka. Mama kaninyamazia muda wote, kashika ungo.

"Hayo mengine sijali," akasema mwishowe. "Mchele wangu mimi una mawe tangu lini?"