Weusi wa Chuma cha Vitumbua si Uchafu

Jirani yangu aliazima chuma changu cha vitumbua kwa ajili ya futari, jana kakirudisha kinang'aa. Kakisugua kwa stili waya na mchanga, mashimo yote saba, halafu kasimama mlangoni anasubiri ahsante. "Shoga, kilikuwa kimejaa masizi hicho, nikaona aibu kukurudishia hivyohivyo." Aibu! Nikasema ahsante, maana nimefunzwa adabu, nikafunga mlango. Adabu imeishia pale pale mlangoni. Hapa ni kwangu, nitasema.

Jamani, tuelewane. Chuma kina weusi wa aina mbili. Ule wa chini, wa moto wa kuni na mkaa, ndiyo masizi. Pitisha kidole, kidole kinachafuka. Hayo sugua mpaka uchoke, sina ugomvi na wewe. Weusi wa ndani ya mashimo ni habari nyingine kabisa. Pitisha kidole, kinatoka kisafi. Pale mafuta yalipakwa kidogo kidogo, yakapata moto mkali na hewa, molekuli zake zikashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka yakageuka ngozi ngumu iliyogandamana na chuma. Yalikuwa mafuta, sasa si mafuta tena. Hayanuki, hayayeyuki ukiwasha jiko. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu, na ndiyo inayofanya kitumbua kikubali kugeuzwa bila kung'ang'ania.

Kama hamniamini, nendeni mkamtazame mama yeyote anayekaanga vitumbua barazani asubuhi. Anatia mafuta kijiko, anamimina uji wa mchele, anasubiri kingo zikauke, anachokonoa pembeni kwa spoku ya baiskeli, kitumbua kinapinduka chote na upande wa kahawia unakuja juu. Shimoni hakuna kilichobaki. Huku anapiga soga na kurudisha chenji, wala haangalii. Sasa mpeni chuma kilichokwanguliwa mpaka kijivu. Mchele uleule, tui lilelile, hamira na iliki zilezile. Atatoa makombo, na wateja watasema leo mama kakosea kipimo.

Nafahamu ugonjwa huu umetoka wapi. Tumelelewa kwamba heshima ya mwanamke iko kwenye sufuria zake. Mkwe akiingia uani macho yanakwenda moja kwa moja kichanjani: zinang'aa au hazing'ai? Sawa, sufuria ya aluminiamu ing'arisheni kwa jivu mpaka mjione sura. Lakini kanuni ya sufuria tumeibandika kila chombo kilicho cheusi, na anayeumia ni binti wa kazi. Siku ya kwanza tu ameshafundishwa kwamba cheusi maana yake ni uvivu wake. Anakaa bombani na chuma ambacho mtu kakitunza tangu hajazaliwa, anakikwangua mpaka vidole vinatoka damu, kisha anasifiwa. Hili linaniuma kuliko chuma chenyewe.

Haya, na mimi niseme lisemwalo. Wapo wanaojificha nyuma ya weusi. Ukikuta chuma kinanata, kinanuka mafuta ya wiki iliyopita na mende wamehamia, huo ni uchafu, usiniletee habari za ngozi. Na wale wataalamu wa mitandaoni wanaoapa kwamba sabuni isikiguse hata tone, nao wamezidisha. Onyo hilo lilikuwa na maana kwa sabuni kali zenye kostiki (ile dawa kali ya kutengenezea sabuni) iliyobaki, kwa sababu kostiki ndiyo hasa inayoila ngozi ile. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja na dodoki laini, haifanyi kitu. Kinachoua ni stili waya, kuroweka usiku kucha, na mtu anayepikia ukwaju kwenye chuma kisha anauacha humo mpaka kesho. Maji ya baridi kwenye chuma cha moto pia msithubutu. Chuma cha kusubu kama hiki, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kina kaboni asilimia 2 hadi 4, ni kigumu lakini hakipindi: kinapasuka.

Kwa hiyo leo nimeanza upya. Nimekiosha, nikakikausha juu ya jiko, maana kwa hewa hii ya bahari ukikiacha kijikaushe chenyewe utaamka umekuta kutu nyekundu. Kikiwa bado na joto, kitambaa cha pamba (cha nailoni kitayeyukia humo humo), matone machache ya mafuta ya alizeti, shimo kwa shimo, hadi kwenye kingo. Halafu unafuta tena kwa kitambaa kikavu kana kwamba umejuta kuyapaka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaacha mafuta yatuame, yanaganda kama gundi, kesho wanalaumu chuma. Kisha mkaa wa kutosha, acha kifuke moshi mpaka moshi uishe wenyewe. Kipoe, urudie. Rangi inahama kutoka kijivu kwenda kahawia, polepole inaingia weusi.

Kwa nini alizeti na si nazi? Mimi ni mtu wa Tanga, mafuta ya nazi nitayatetea mpaka kaburini, na vitumbua vyangu nakaangia hayo hayo. Ila kukomazia chuma hayafai. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina ile inayoganda ubaridi ukiingia, na hayo hayashikani kirahisi hata uyachome vipi. Alizeti yanashika.

Wa vikaango visivyogandisha mtanisamehe. Kwa mayai ya asubuhi ni vizuri, nakiri. Lakini safu yenu ikichubuka ndiyo basi.

Na mnaokwenda kununua kipya, angalieni. Siku hizi sokoni vimejaa vya aluminiamu, vyepesi, vyeupe, na muuzaji anaapa "hiki chuma kabisa dada". Aluminiamu inayoyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu haijulikani ilikuwa nini kabla. Utafiti wa sufuria za namna hiyo za Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zinatoa madini ya risasi kwenye chakula. Nenda na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Iweke chini ya chuma. Ikinata, anza kupatana bei. Ikidondoka, mrudishie muuzaji kitu chake na uende meza ya pili.