Wakanada Vitani: 89 kwa Risasi, 135 kwa Maradhi

Ukiwauliza Wakanada kuhusu wapanda farasi wao katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899–1902, Afrika Kusini, utasikia kwanza habari za Leliefontein. Tarehe 7 Novemba 1900, karibu na Belfast mashariki mwa Transvaal, askari wapatao mia wa Royal Canadian Dragoons, kikosi cha wapanda farasi, walikuwa wakilinda mgongo wa msafara wa Waingereza, pamoja na mizinga miwili ya kurusha makombora ya ratili 12. Makaburu wakawajia mbio juu ya farasi. Sajini Edward Holland alipoona farasi wa gari la bombomu yake, yaani bunduki ya rashasha, amechoka hoi, aliing'oa bunduki garini, akaipakata, akatoka nayo juu ya farasi. Mizinga iliokoka. Watatu waliuawa, na Holland, Turner na Cockburn wakapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Wanaotaka heshima ianzie hapo, si kwa waliokufa kwa maradhi, wana hoja. Aliyebaki nyuma ili mzinga uondoke alijua anachokifanya. Mgonjwa hakuchagua homa, na majeshi ya enzi zile yote yaliugua.

Lakini tazama hesabu. Wakanada waliokwenda, wa miguu na wa farasi, walikuwa takriban 7,000. Hesabu inayotajwa zaidi ni 89 waliouawa vitani na 135 waliokufa kwa maradhi. Kwa kila wawili wa risasi, watatu wa kitandani. Hao watatu wanasemwa kana kwamba walipatwa na hali mbaya ya hewa, na hapo ndipo wanapodhulumiwa.

Homa ya matumbo huingia kwa maji au chakula chenye uchafu wa kinyesi, kisha hujificha wiki moja hadi tatu. Mpanda farasi hunywa kwenye kivuko kimoja na kuanguka akiwa ameshavuka mito mingine mitano, kwa hiyo lawama huenda kwenye kambi isiyohusika. Kanuni ya mtoni ni nyepesi: watu wateke juu, wanyama wanywe chini yao, kufua na kuoga kuwe chini zaidi. Farasi mmoja hunywa lita 30 na zaidi kwa siku. Mamia wakifika pamoja na kiu, kivuko hugeuka tope lenye mavi na mkojo, na kanuni inakufa palepale. Doria hutangulia mbali na gari la maji. Chujio huziba kwa matope. Kuchemsha kunataka kuni, na nyika ile haina miti. Kuna mavi makavu ya ng'ombe tu, nayo ni ya kupikia. Basi chupa inajazwa hapohapo.

Mengine yalikuwa maamuzi. Tarehe 31 Machi 1900 De Wet, jenerali wa Makaburu, aliteka mitambo ya maji ya Sannah's Post, na Bloemfontein, mji uliojaa jeshi, ukarudia visima. Wapanda farasi wa Kanada walipita Bloemfontein Aprili ile, kabla ya safari ya Pretoria, mji mkuu wa Transvaal. Chanjo ya homa hiyo ilikuwepo, lakini kwa hiari: katika jeshi zima la Uingereza walichanjwa takriban 14,600 kati ya 328,000. Ubora wake ulibishaniwa, ni kweli. Ila aliyepanga idadi ya vitanda vya hospitali hakuwa na ubishi wa kujificha nyuma yake.

Ndiyo maana siwezi kuitenga Leliefontein na kilichofuata. Edward Morrison, ofisa wa mizinga ileile iliyookolewa, alieleza mwenyewe jinsi kijiji cha Dullstroom kilivyochomwa mwezi huohuo, wapanda farasi wa Kanada wakiwemo msafarani. Waliounguziwa nyumba kama hizo waliishia kwenye kambi ambamo Waingereza waliwafungia raia, na humo surua, kuhara na homa ya matumbo viliwakuta wamesongamana, chakula haba, maji machafu. Makaburu takriban 28,000 walikufa, zaidi ya 22,000 wakiwa watoto chini ya miaka 16. Walioagiza ni majenerali, na askari aliyeshika kiberiti huenda naye alikuwa na homa tumboni. Lakini anayesema maradhi si vita akumbuke kwamba ni vita hivi vilivyowakusanya watu kwenye maji hayo.

Waafrika waliofungiwa kambi zao, wengi wao vibarua wa mashamba yaleyale, walikufa zaidi ya 14,000. Hao ni walioandikwa tu.