Mtoto "hasikii", sawa, ila hasikii nini?

Nyumbani kwetu mdogo wangu alikuwa na sifa moja, hasikii. Sio kiziwi, kiziwi wangemuonea huruma, yeye alikuwa "hasikii" ile ya kina mama, ile inayokuja na mwiko mkononi. Anatumwa sukari robo anarudi na sigara mbili, na baba hata havuti. Anaambiwa kamuite dada yako yuko kwa Mama Batuli, yeye huyooo mpaka kwa Mama Fatuma. Shuleni ndo usiseme, ikifika imla mwalimu anasoma "bata" yeye anaandika "pata", na kama siku hiyo mvua inapiga kwenye mabati basi jamaa anaandika vitu ambavyo hakuna mtu kavitamka duniani.

Methali zote za masikio alipewa yeye. Sikio la kufa, asiyesikia la mkuu, zote.

Mpaka bibi akasema jamani mpelekeni huyu mtoto hospitali akapimwe. Wakampeleka, akakalishwa kwenye kachumba kimya kabisa, akavalishwa hedifoni, akaambiwa ukisikia "pii" bonyeza. Akabonyeza zote. Masikio mazima mama, hana shida yoyote. Mama akarudi na jibu lake, mmeona sasa, kumbe kiburi tu. Jioni ile ile dogo akala za kutosha, safari hii kwa ushahidi wa hospitali.

Sasa mwaka huu nimekuwa nafuatilia kazi za profesa mmoja wa Marekani, Nina Kraus, yuko Chuo Kikuu cha Northwestern pale Evanston pembeni ya Chicago, maabara yake inaitwa Brainvolts, na huyu mama kakaa zaidi ya miaka 30 anachunguza ubongo unafanya nini na sauti. Mama yake alikuwa mpiga piano, na yeye utotoni alikuwa anachezea chini ya hiyo piano wakati mama anapiga, kwa hiyo unaweza kusema alianza utafiti mapema.

Anachosema yeye ukikichukua kwa ufupi ni kwamba sikio ni mlango, anayesikia ni ubongo. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme, ule umeme unapanda kwenye neva mpaka shina la ubongo halafu unaendelea juu, na wakati huo huo ubongo nao unashusha maagizo yake chini mpaka sikioni, hiki vuta, kile achana nacho. Kile kipimo cha "pii" alichopimwa mdogo wangu kinakuambia mlango unafunguka. Huko ndani nani kapokea na kapokeaje, hakikuambii.

Hebu shika koo lako sasa hivi useme "ba" halafu useme "pa". Umeona? Kwenye "ba" koo linatetema mapema, kwenye "pa" linachelewa kidogo, na hiyo "kidogo" ni milisekunde za kuhesabu kwa makumi tu. Ile "a" ni ndefu na ina nguvu, hata kwenye kelele utaipata. Konsonanti ndo hivyo, inapita kama mtu anayekata kona, na kelele ikija inafunikwa yeye wa kwanza. Ndo maana kwenye daladala yenye muziki unasikia kabisa konda kaongea ila hujui kasema nini.

Kraus na wenzake wakatafuta namna ya kuiona hiyo safari. Wanabandika waya tatu kichwani, haziumi, mtoto anakaa anaangalia filamu yake, huku sikio moja linachezewa silabi "da, da, da" maelfu ya mara. Mtoto haulizwi chochote, habonyezi chochote. Mashine inachora umeme wa ubongo unavyojibu, na hapa ndo mi niliposimama nikarudia kusoma, ule mchoro unafanana na sauti yenyewe, kiasi kwamba ukiugeuza ukaupitisha kwenye spika unasikia kitu kinachofanana na kile kilichochezwa. Yaani unausikiliza ubongo wa mtu ukirudia ulichoambiwa. Na Kraus mwenyewe anasema ukiwaza kusikia usifikirie kitufe cha sauti cha redio cha kupandisha na kushusha, fikiria miksa ya studio yenye vitufe kibao, mtu mmoja kitufe cha muda kiko chini, mwingine kile cha uzito wa sauti kiko juu, kila mtu na mpangilio wake.

Mwaka 2015 wakatoa utafiti wa watoto 112, wa miaka 3 mpaka 14, wakawachezea konsonanti zikiwa zimechanganywa na kelele za watu wanaoongea. Kwa wale wadogo ambao hata kusoma bado, jinsi ubongo ulivyozishika zile konsonanti ndani ya kelele ilisaidia kukadiria nani atakuja kupata tabu kwenye kusoma. Kipimo chenyewe nusu saa. Soma tena hapo: watoto wa miaka mitatu, ambao hakuna aliyewaambia bado kwamba ni wazembe.

Kiswahili kina mambo. Sisi kusikia hatujawahi kukufungia kwenye sikio, unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia usingizi, unasikia harufu ya maandazi toka kwa jirani. Mtoto mwenye adabu ni msikivu. Kwa hiyo lugha yetu ilishajua siku nyingi kwamba kusikia ni kazi ya mtu kamili, sio ya sikio peke yake. Tatizo likaja kwamba tukachukua neno hilo hilo tukaligeuza hukumu ya tabia, hasikii maana yake mkaidi, basi, kesi imefungwa, hakuna rufaa. Na nina uhakika kwenye kila darasa letu la watoto themanini tisini kuna wawili watatu wanaopigwa kwa sababu ya konsonanti.

Hili la kelele darasani watu hulichukulia kama manung'uniko ya watu wanaopenda kudeka. Kuna kisa cha New York, miaka ya 1970, mwanasaikolojia Arline Bronzaft alienda kwenye shule moja Manhattan iliyokuwa karibu kabisa na reli ya juu, ile ya treni inayopita juu ya nguzo. Treni ikipita, mwalimu ananyamaza, ikishapita anaendelea, siku nzima hivyo. Akalinganisha watoto wa madarasa ya upande wa reli na wale wa upande wa pili, shule hiyo hiyo, walimu wa aina hiyo hiyo, akakuta darasa la sita upande wa kelele wako nyuma kwenye kusoma kwa karibu mwaka mzima. Baadae mamlaka ya treni ikaweka mipira kwenye reli, shule ikawekewa dari la kunyonya sauti, akarudi kupima, ile tofauti imeisha. Watoto hawakubadilishwa akili wala hawakuongezewa fimbo.

Sisi reli ya juu hatuna, ila tuna mabati mvua ya masika ikiamua, tuna gari la matangazo linapita na spika nne, tuna baa iliyopakana na ukuta wa shule ambayo mchana kweupe inajaribu miziki. Na tumezoea. Ndo kitu Kraus anakisisitiza, sikio halina kope, huwezi kulifumba, hata ukizoea ubongo unaendelea kufanya kazi ya kuchuja muda wote.

Kuna upande mzuri lakini. Los Angeles kuna mradi unaitwa Harmony Project, unafundisha watoto wa mitaa yenye hali ngumu kupiga vyombo vya muziki. Timu ya Kraus ikawafuatilia. Baada ya mwaka mmoja, kwenye ubongo hawakuona kitu. Baada ya miaka miwili ndo wakaona ubongo wa wale watoto unatenganisha silabi zinazofanana vizuri zaidi. Miaka miwili, na ni kupiga, sio kukaa kusikiliza. Mi hii naipenda kwa sababu haina uchawi, inafanana na mazoezi ya mpira. Na wale wanaouza sidii za kumfanya mtoto genius akiwa tumboni watuache kidogo.

Kitu kingine, 2012 walipima vijana wa Chicago, kundi moja wanaongea Kiingereza peke yake, lingine Kiingereza na Kihispania toka nyumbani. Kwenye kelele za watu, ubongo wa wale wa lugha mbili ulishika ile sauti ya msingi ya "da", yaani ule uzito wa sauti ya anayeongea, kwa nguvu zaidi. Nikamfikiria mama yangu aliyetukataza kikabila nyumbani eti kitatuharibia Kiingereza. Leo wajukuu wanajua Kiingereza cha katuni na salamu moja ya kwa babu yao.

Na utafiti mmoja wao ulinikera, sikatai. Walikuta vijana ambao mama zao hawakusoma sana, ubongo wao una kelele zake wenyewe hata pakiwa kimya, kama redio iliyokosa stesheni kidogo. Elimu ya mama hapo ni kipimo tu cha hali ya maisha, na mitaa ya watu wa chini ndiyo yenye kelele, naelewa. Ila ungejua jinsi watu watakavyoisoma hiyo, mama tena ndo mwenye makosa. Mama hakujenga nyumba pembeni ya barabara kuu kwa raha zake.

Mi sio daktari na simpimi mdogo wangu kwa simu. Ila ningekuwa mwalimu, siku ya mvua nisingetoa imla, na huyo wa "pata" ningemkalisha mbele anione mdomo kabla sijamuita mjinga. Hivyo havihitaji waya tatu wala bajeti.

Siku hizi dogo ni fundi wa kuchomelea, mzuri kweli, mageti yake utayajua. Ukimpigia akiwa kazini hapokei, anatoka nje kwanza anaenda mpaka kwenye mwembe ndo anakupigia. Mama bado anasema huyu hasikii. Juzi nilimrekodia voice note ya dakika sita namuelezea habari zote hizi za Kraus, za zile waya, za bata na pata. Ikaonyesha kafungua. Baada ya muda akajibu neno moja.

"Andika."