Rehema kwa watu wa Elgon

Nimesoma habari ya ibada ya kuwaombea wahanga wa maporomoko ya udongo ya Novemba 2024 kule Bulambuli, mashariki mwa Uganda, machozi yakanilenga. Mlima ni uleule wa Elgon uliofunika kijiji cha Nametsi kule Bududa, Machi 2010. Huku Mbale mvua ikianza usiku hatulali, tunaomba hadi alfajiri, kwa sababu jamaa zetu wako kule juu kwenye migomba na kahawa. Kuhama? Shamba ndilo linalowalisha. Ee Mola, uwarehemu waliobaki chini ya udongo ambao hatukuwaona hata tuwazike. Wape wakubwa wetu moyo wa kuwahamisha watu mapema, kwenye ardhi inayolimika. Na mvua hii, Baba, itulize.